Mwanamke na Kazi ya Mizani

Hotuba iliyosomwa Bariadi mbele ya wanachama na viongozi wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamekwisha kuwaeleza habari za maghala, mbegu na madeni, nao wamezieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kwangu limeangukia fungu la mwisho kabla ya chakula, nami najua tumbo lenye njaa halina subira na hotuba. Nimeombwa niseme juu ya mafunzo ya vikundi tunayoyaendesha vijijini kuhusu mwanamke na kazi. Rafiki yangu mmoja aliposikia kichwa hicho aliniambia, "Wanaume watatoka nje kuvuta sigara." Basi nimeona nianze na jambo ambalo hakuna mkulima wa pamba awezaye kulitokea nje, nalo ni mizani.

Wazee wetu wametusimulia jinsi pamba ilivyouzwa hapa Usukuma kabla ya ushirika. Mkulima alibeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi, ukatundikwa, mtu mwingine akasoma mshale na kutamka uzito, naye mkulima akapokea alichopewa. Alijua moyoni kwamba amepunjwa, lakini hakuwa na la kuonyesha. Mnamo mwaka 1950 na miaka iliyofuata, wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaoaminiwa, ili pamba ipimwe kabla haijafika kwa mnunuzi. Katika jambo hilo lililoonekana dogo ndipo ulipochipuka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Paul Bomani na wenzake walizunguka vijijini wakiunda vyama vya wakulima, hata mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo sifa zake zilivuka mipaka ya nchi. Yaliyofuata mnayajua: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, tukapanda na kushuka, na mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 tukaanza kufikiri juu ya nyumba yetu wenyewe.

Nayakumbusha haya kwa sababu moja. Mkulima yule wa mwaka 1950 hakuwa akiomba hisani. Alisema: pamba ni jasho langu, nataka kuuona uzito wake kwa macho yangu. Sote tunamsifu kwa neno hilo. Nami nauliza, siku ile alipokuwa akilisema pale kwenye mizani, mkewe alikuwa wapi? Alikuwa shambani, anamalizia kuchuma.

Tuufuate msimu tuone. Mvua zikinyesha, kuanzia katikati ya Novemba, mwanamume hushika jembe la ng'ombe, na mimi sitaki kuidharau kazi hiyo, maana nimeifanya na mgongo wangu unaikumbuka. Kupanda wanapanda wote. Kupalilia mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, wengi wa walioinama ni wanawake na watoto, na palizi ya pamba haingoji palizi ya mahindi imalizike. Kisha huja kuchuma, na pamoja na kuchuma huja kuchambua safi na fifi. Hapo naomba tutue kidogo. Ni nani katika nyumba zetu akaaye chini jioni, baada ya kuteka maji na kupika, akatazama kila fumba la pamba na kutenga jeupe na lenye madoa, akitoa majani na taka? Vidole vyake ndivyo vinavyotupatia daraja. Lakini pamba hiyo ikifika kituoni, mtu wa kuitazama na kusema hii ni safi na hii ni fifi ni mwanamume, pengine kijana ambaye tangu alipomaliza shule hajachuma hata kikapu kimoja. Mama huyo akiomba kazi ya kukagua pamba kituoni, ataambiwa kwamba kazi hiyo inahitaji utaalamu!

Ndugu wanachama, nimekaa na maneno ya namna hiyo miaka mingi, na nitakuwa mwongo nikisema nimeyasikia kwa wengine tu. Niliwahi kuwa katika kamati ya kuajiri ya chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Walikuja watu saba kuomba ukarani wa mizani, na mmoja wao alikuwa mwanamke aliyemaliza kidato cha nne. Tulitoa jaribio la hesabu: kilo kadhaa kwa bei kadhaa, kutoa ushuru na deni la dawa, mkulima abaki na kiasi gani. Yeye alikuwa wa pili kwa alama, nasi tulikuwa na nafasi mbili. Tukashauriana. Mmoja akasema mwanamke hawezi kuinua mzigo wa pamba. Mwingine akasema ataolewa na kuondoka. Mimi nikasema, nayakumbuka maneno yangu, kwamba fedha za msimu ni hatari kwa mwanamke. Tukamchukua wa tatu. Huyo wa tatu hakumaliza msimu, akaondoka na fedha za wakulima, nasi tukabaki kuwaeleza watu jinsi zilivyokuwa hatari kwa mwanamke.

Turudi katika sababu zile tulizotoa, kwa kuwa bado zinatolewa. Hiyo ya kuinua mzigo haihitaji jibu refu: karani hainui mzigo, mzigo huinuliwa na wapagazi, naye kazi yake ni kusoma na kuandika. Mizani ya kidijitali tunayoiona vituoni siku hizi haina hata mshale wa kubishania. Ile ya kuolewa na kuzaa, sheria ya nchi imekwisha ijibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, ndoa au mimba, na inampa mzazi likizo ya malipo isiyopungua siku 84. Chama cha msingi ni mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote, na hakuna mahali sheria iliposema isipokuwa vyama vya ushirika.

Sababu ya fedha ndiyo nzito, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mtu akaaye na fedha kijijini wakati wa msimu hulengwa na wezi, awe mwanamume au mwanamke. Lakini dawa ya hatari hiyo ni kuiondoa fedha mkononi mwa karani, kama tulivyoanza kufanya kwa kuwalipa wakulima kwa benki na kwa simu. Kumwondoa mwanamke na kuiacha hatari palepale ni sawa na mtu aliyeona nyoka nyumbani akamfukuza paka.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Tulipoanza tulikosea, na yafaa kosa hilo liandikwe katika kitabu hiki pamoja na mambo mema. Tuliwakusanya wanawake peke yao, tukawaambia wana haki, wanaweza, wasiogope. Walifurahi, waliimba, tulipiga picha. Mmoja wao, kijana mwenye akili kali, akaomba ukarani na kuupata. Wiki ya kwanza mume wake alikuja kituoni mara tatu kuuliza amekaa na nani. Wiki ya pili akaja mama mkwe, mbele ya foleni ya wakulima, kusema kwamba chakula hakijapikwa. Wiki ya tatu yule dada alirudisha ufunguo wa ghala bila kusema neno. Nilimlaumu mume, nikamlaumu mkwe. Mwishowe niliona kwamba tulimfundisha mtu mmoja kuogelea, kisha tukamtupa katika mto ambao wengine wote tuliwaacha wakiuchafua. Fikra ya kwamba mwanamke hafai kwa kazi fulani haikai katika kichwa cha mwanamke peke yake. Inakaa kwa mume, kwa wifi, kwa meneja, kwa mkulima aliye katika foleni, na hao hatukuwaita.

Tangu hapo tukaanza kuita nyumba nzima, na viongozi wa chama pamoja nao. Nchi hii ina desturi ya zamani ya kujifunza kwa vikundi. Wazee watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walipokaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakisoma kitabu kimoja na kubishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapa Kanda ya Ziwa, kati ya mwaka 1968 na 1972, kulikuwa na mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ambamo watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao, kilimo cha pamba kikiwa mojawapo. Na sisi Wasukuma hatukungoja redio wala UNESCO. Bagika na Bagalu waligawana tangu kale, wakashindana kwa ngoma, na jembe likalimwa kwa wimbo. Mtu akifanya jambo geni peke yake huchekwa, na wakilifanya watu ishirini kwa pamoja, yule anayecheka ndiye anayebaki peke yake.

Namna tunayoitumia sasa, sehemu kubwa tumeiazima kwa wenzetu wa ushirika wa Bukonzo Joint, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Wao ni wakulima wa kahawa. Waliona kwamba mke na mume walikuwa wakinyemeleana: kila mmoja huchuma kahawa kabla haijaiva ili aiuze kwa siri kabla mwenzake hajaiuza, na kwa hiyo kahawa ya ushirika mzima ikawa mbaya. Hawakuanza na hotuba kama hii yangu. Walichora picha. Njia yao hutumia michoro, hata asiyejua kusoma aweze kuitumia, na mchoro mmoja ni mti. Shina ni nyumba. Mizizi ya upande mmoja ni kazi za mwanamke, ya upande wa pili ni kazi za mwanamume. Matawi juu ni matumizi ya fedha, nayo pia kwa pande mbili. Mti ukikamilika, watu huutazama kama unasimama au unainama. Nyumba nyingi zilipouona mti wao zilianza kupanga na kuuza pamoja, na wengine walifika mahali pa kuandika majina yote mawili katika hati za ardhi.

Sisi hatuna karatasi kubwa, tunachora kwa majivu juu ya ardhi, chini ya mwembe. Badala ya kalamu tunaweka mbegu: punje ya mahindi kwa kila kazi ya mwanamume, mbegu ya pamba kwa kila kazi ya mwanamke. Wanaume huanza kwa furaha kubwa, maana huweka punje kwa sauti: kulima, kuchunga, kujenga, kwenda mkutanoni. (Kwenda mkutanoni kulizua ubishi wa karibu saa nzima katika kijiji kimoja, na sijui hata leo kama ni kazi.) Kisha wanawake huweka zao polepole, nazo haziishi. Katika kikundi kimoja upande wa Itilima, mzee mmoja aliyekuwa akitania tangu asubuhi alinyamaza, akauzunguka ule mchoro mara mbili, akasema, "Mti huu utaangukia upande wa mama." Kisha akatazama matawi, ambako mbegu za pamba zilikuwa mbili tu, akaongeza, "Na kivuli chake nakikalia mimi." Hakuna mkufunzi aliyemfundisha maneno hayo.

Siku ya pili tunaleta mizani. Mzigo mmoja hupimwa na watu wote wa kikundi, kila mtu peke yake, akaandika alichosoma na kukokotoa malipo bila kumwonyesha mwenzake. Kisha karatasi hutandazwa mbele ya watu bila majina, na meneja wa chama huulizwa atoe zile zilizoandikwa na wanawake. Sijaona meneja aliyepatia. Hufuata kuchambua safi na fifi kwa kushindana, na hapo, ndugu zangu wanaume, mjiandae kuaibika, mimi nikiwa wa kwanza. Siku ya tatu tunaigiza: mume anakuwa karani mwanamke, mke anakuwa mkulima mkali mwenye haraka, mkwe anakuwa meneja. Watu hucheka sana. Ila ni baada ya kicheko hicho ndipo mume mmoja huweza kumwambia mkewe mbele ya watu kwamba akipata kazi ya kituo, yeye atawapikia watoto wakati wa msimu. Mume asemaye hivyo mbele ya jirani ishirini hawezi kukanusha nyumbani.

Msidhani kwamba nawauzia uganga. Mafunzo haya hayajageuza vijiji vyote tulivyopita. Kuna mahali wanaume walikuja siku ya kwanza tu. Kuna mwanachama aliyekubali kwa haraka jina la mkewe liingie katika daftari, tukamsifu, kisha tukagundua kwamba alitaka mgawo wa pili wa dawa. Kuna akina mama waliotuambia waziwazi kwamba hawataki kazi ya kituo kwa sababu kazi za nyumbani hazitapungua, wataongezewa mzigo tu. Hao hawakukosea. Mwanamke akiajiriwa na kazi zake zote za nyumbani zikabaki vilevile, tumempa msimu mrefu zaidi wa kuchoka. Kwa hiyo ule mti wa majivu huja kwanza, na mizani baadaye.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, alizaliwa Ukerewe, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Yeye ni mtoto wa ziwa hili hili. Na mahakama zetu wenyewe zilisema kabla ya Beijing. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu alilolidai, lakini kanuni ile ilibaki, na wengi baada yake wameisimamia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi ikiwa mahakama inaiona kazi ya mama aliyepika, iweje ushirika usiione kazi ya mama aliyechuma?

Hapo ndipo penye jambo langu kwenu, waheshimiwa wajumbe. Daftari letu la wanachama lina nafasi moja ya jina kwa kila shamba. Aliye na jina ndiye anayepewa mbegu, ndiye anayekopeshwa dawa, ndiye anayepiga kura, ndiye anayelipwa. Na kwa kuwa vyama vyetu vingi huajiri makarani kutoka katika nyumba za wanachama, asiye na jina katika daftari hafiki hata kwenye jaribio la hesabu. Tunaweza kufundisha chini ya kila mwembe wa Simiyu, na safu ile moja ya daftari ikatushinda.

Naomba mambo matatu, nayo yote yamo katika uwezo wa mkutano huu. Fomu ya uanachama ichapwe upya, mke aliye tayari aweze kuandikishwa kwa jina lake na hisa yake, pasipo kungoja awe mjane. Kila chama cha msingi kitakachoajiri makarani wawili wa mizani kiwafanyie jaribio bila majina katika karatasi, kama tunavyofanya katika vikundi, na kiajiri kwa alama. Na mameneja wote, bila kumwacha hata mmoja, wakae katika mafunzo siku zote tatu kabla msimu wa kununua haujafunguliwa mwezi Mei. Najua mameneja wana shughuli nyingi. Walio katika mafunzo pia wanazo, na wengi wao hufika wakiwa wamekwisha teka maji.

Yule dada aliyerudisha ufunguo wa ghala, nilimtembelea kabla ya kuja hapa. Mume wake naye amekwisha hudhuria mafunzo, pamoja na mama mkwe, ambaye aliwashinda wote katika kuchambua safi na fifi na hadi leo hatupumzishi kwa habari hiyo. Nilimwuliza kama ataomba kazi tena. Akaniuliza, "Mzee, jaribio litasahihishwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nimemwahidi kwamba nitampelekea jibu la mkutano huu jioni ya leo, nikipita kwake njiani kurudi nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, nakurudishia kiti.